Kazi ya Baba

Jumatatu, 10 Januari 1994

Muzdalifa kafaulu! Binti yangu! Kachaguliwa sekondari ya bweni ya wasichana, huko kusini, ng'ambo ya mto. Darasa zima wasichana waliochukuliwa ni wawili, na mmoja ni damu yangu. Nimepita stendi ya Kibiti mara tatu bila shughuli yoyote ili nipongezwe. Wamenipongeza watu wanne. Wa tano aliniambia niondoe baiskeli njiani.

Imekuja na fomu. Ukurasa mmoja tu. Baba ajaze, baba asaini, irudi kwa mwalimu mkuu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Isiporudi, nafasi anapewa wa akiba. Na wa akiba ni nani? Tabu binti Saadi! Saadi huyu huyu jirani yangu, Mmatumbi wa chumvi na biskuti, anayejiita Mwagizaji na Msambazaji kwa sababu aliwahi kufika Kariakoo akarudi salama.

Nikaketi na kalamu. Jina la mwanafunzi, sawa. Kijiji, sawa. Kazi ya Mama. Nikamwita mke wangu Mwanawetu anitajie. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuinua kichwa. Mkulima. Msusi wa mikeka. Mpika vitumbua. Kungwi. Na mvua zikikata barabara, mkunga. Mstari ukajaa, ikabidi nipande nao pembeni mwa karatasi.

Chini yake: Kazi ya Baba.

Nikautazama mstari ule. Nikainoa kalamu. Kalamu yenyewe ya wino.

Tangu tuambiwe biashara ruksa, nimefanya kazi saba. Nimeuza mitumba, nikapata robota zima la makoti ya theluji. Kibiti! Nimekodisha baiskeli, na aliyekodi ya kwanza yuko Lindi mpaka leo. Nimenunua korosho, nikauziwa mawe juu yake korosho. Niandike ipi? Mwanawetu kasema niandike mkulima, dunia nzima wanaandika hivyo. Mimi? Shamba langu la mwisho walivuna nguruwe. Saadi ataipata habari hiyo na kuitangaza stendi nzima.

Nimelala chali nikafikiri, na jibu nimelipata. Kosa si langu. Kosa ni kuzaliwa mwanamume. Mwanamke kazi zinamfuata zenyewe mpaka uani. Ningezaliwa mwanamke, leo ningeomba karatasi ya pili. Basi kama mke wangu anazo tano, nitajifunza moja, niiandike. Siku nne ni nyingi mno.

Jumanne, 11 Januari

Msusi wa mikeka. Nimeanza na hiyo kwa kuwa inafanywa kwa kukaa.

Nikachukua ukindu wa Mwanawetu, ule aliokwisha kuutia rangi, nikajikalia barazani. Nimemwona akisuka miaka kumi na sita. Vidole vyake vinakwenda huku anagombana na mtu wa nyumba ya tatu. Nikasema, kazi isiyohitaji macho wala akili, itanishinda?

Kufika adhuhuri nina ukili wa dhiraa mbili. Ulianza na upana wa vidole vinne, ukaishia na kidole kimoja, na katikati umejikunja kama mkia wa mbuzi. Akapita Binti Kudra, bibi jirani yetu, kungwi mkuu wa mtaa huu, mwanamke asiye na siri. Akauinua kwa ncha ya mkongojo. Akauliza ninamfunga nani. Nikamwambia ni mkeka. Akakaa chini, akacheka mpaka akaomba maji, kisha akaenda kuwaita wenzake.

Ningezaliwa mwanamke ningekuwa na vidole vyembamba. Ndilo tatizo lote. Ningekuwa Bibi Badria badala ya Badru, mikeka yangu ingetandikwa kwa mawaziri.

Muzdalifa kaja kuniuliza kuhusu fomu. Nimemwambia ipo kazini. Mwanawetu kaja kuniuliza kuhusu ukindu wake. Nimemwonyesha ukili.

Jumatano, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Stendi imejaa watu. Siku nzuri ya kuwa mpika vitumbua.

Mwanawetu alikwenda shamba alfajiri, akaacha sufuria ya unga wa vitumbua umefunikwa. Nikaona nimsaidie. Nikatia hamira. Kumbe ilikwisha kutiwa! Mtu angeniambiaje, na mimi sikuuliza? Nilipofika stendi unga ulikuwa umeinua kifuniko. Nikaweka jiwe juu ya kifuniko. Ukainua na jiwe.

Nikakaanga hivyo hivyo. Kitumbua cha kwanza kikatoka nje mkaa, ndani uji. Cha pili kadhalika. Akanunua utingo wa basi la kusini, akauma, akaniuliza kwa heshima kama mama mwenyewe ni mgonjwa. Saadi akatoka kibandani kwake, akasimama mbele yangu na kutangaza kwa sauti ya mnada kwamba mtani wake Badru sasa amekuwa mama lishe, watu waje kuona. Wakaja. Hawakununua, ila walikuja.

Nilipokuwa nampungia mwiko aondoke, nikapiga karai. Mafuta yakamwagika kwenye mfuko wa shati. Niliungua kidogo. Fomu iliyokuwa mfukoni ndiyo iliyokunywa mengi. Imegeuka kioo, ukiishika unamwona mtu wa upande wa pili.

Muzdalifa alikuwapo. Aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akainama akaokota vitumbua mchangani kimoja kimoja. Heri angenigombeza.

Nimeianika juani. Mstari wa Mwanawetu wote unasomeka, kazi zote tano. Mstari wangu bado mweupe, au tuseme wa njano.

Alhamisi, 13 Januari

Kungwi! Kwa nini sikuanza na hii? Mashine yake ni mdomo, na mdomo ninao.

Nyumba ya pili wana mwali anayeolewa wiki ijayo. Wanawake wamo ndani ya ua wa makuti wanamfunda. Mwanamume haingii humo, najua, sijapotewa na akili. Lakini hakuna sheria inayomzuia mwanamume kusimama nje ya ua na kuzungumza na makuti. Nikasimama. Nikaanza. Nikamwusia mwali asimwulize mume anatoka wapi. Asimwulize anakwenda wapi. Akikuta unga umeharibika, asiulize pia. Ndani kukawa kimya. Nikajua nimewagusa.

Yakaja maji ya kuoshea samaki, ndoo nzima, juu ya ua. Kisha akatoka Binti Kudra mwenyewe, akasema nimechungulia mambo ya wanawake kwa masikio, na faini yake ni kuku. Nikalipa kuku. Kuku alikuwa wa Mwanawetu.

Jioni Muzdalifa akakaa karibu yangu, mbali kidogo kwa sababu ya harufu. Nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, akisoma anataka kuwa nani. Akasema anataka kujenga daraja pale Ndundu, watu waache kungoja pantoni. Daraja! Pale! Mto mzima ule na viboko wake! Nikacheka peke yangu. Akasema baba, kesho ndiyo Ijumaa.

Mwanawetu naye akaja akasimama mbele yangu. Akasema Baba Muzdalifa, nakuomba kwa mara ya mwisho, andika mkulima, tia saini. Nikamweleza kwamba mtu huandikwa mara moja serikalini, na sitaki mwanangu aende huko akiulizwa baba yako nani, aone haya. Akasema sawa. Mara moja tu. Nikajua nimeshinda.

Ijumaa, 14 Januari

Nimeondoka alfajiri kwa baiskeli kwenda Ikwiriri. Mpango kabambe. Mjomba Mtoro ni katibu wa ushirika wa korosho. Anipe cheo, cheo chochote, kwa karatasi yenye mhuri, nirudi kabla ya saa sita. Nimeshindwa kazi za kike kwa kuzaliwa vibaya, basi nichukue moja ya kiume kwa ujomba.

Nimemkuta Mjomba kwenye ghala la ushirika, amekaa na mbuzi kumi na wawili. Akaniambia ushirika umekufa tangu msimu wa juzi, wanunuzi wa kibinafsi wanapita na malori yao mlango kwa mlango, na ghala analilinda asije akaambiwa alilitoroka. Nikamlilia shida yangu. Ni mtu mwema. Akanitangaza papo hapo Msimamizi Msaidizi wa Ghala. Nikauliza mhuri. Mhuri alikwisha kuula mbuzi, sehemu ya mpini.

Nikageuza. Nikapata pancha kabla ya nusu ya njia. Nikakokota baiskeli, jua la utosi, hakuna lori linalosimama. Niliposikia adhana ya Ijumaa inatoka msikiti wa mbali nikajua saa sita imepita zamani. Nikasimama katikati ya barabara. Siandiki uongo humu, hii ni shajara yangu: nililia. Mwanangu kasoma kwa koroboi miaka saba, na mimi nimemnyima shule kwa ajili ya mstari mmoja. Tabu binti Saadi atapanda pantoni, na wangu atabaki kupepeta mchele. Laiti angekuwa na baba mwingine. Yeyote, hata Saadi. Astaghfirullah, Saadi hapana.

Nimefika nyumbani alasiri. Shule imefungwa. Mwanawetu alikuwa anapika, ametulia. Nikaanza kumwomba radhi. Akasema nisijisumbue, mambo yamekwisha. Sauti ya mtu aliyekata tamaa kabisa. Nimeshindwa kula. Nimekula kidogo.

Jumamosi, 15 Januari

Nimekufa.

Nitaandika kwa utaratibu. Asubuhi nilikwenda kuosha uso kisimani. Kurudi nakuta viatu mlangoni. Ndani, Mwanawetu kaketi mkekani, kajitanda kanga mpaka machoni. Mbele yake mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Zefania, aliyehamishiwa kwetu mwezi huu kutoka Singida, pamoja na walimu wawili wenyeji na kilo tano za mchele. Mwalimu Zefania akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole. Nikauliza pole ya nini. Akasema ya msiba. Nikauliza kafa nani.

Mwanawetu akawahi. Akamwambia mwalimu anisamehe, mimi ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, na uchungu umenichanganya.

Nikafumbua mdomo. Nikaona macho ya Mwanawetu. Nikaona na ya Muzdalifa mlangoni, ameshika nguzo kwa mikono miwili. Nikafumba. Walimu wale wawili tumekua pamoja, tumeiba maembe pamoja. Mmoja alikuwa anahesabu miti ya dari. Mwingine alikohoa akatoka nje.

Sasa nayajua yote. Muzdalifa aliomba fomu nyingine, ya kwanza ilikuwa na mafuta. Chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa kukwama juu, pameandikwa kwamba kama baba ni marehemu, mama ajaze na asaini. Mwanawetu kajaza na kusaini jana saa nne. Kazi ya Baba: marehemu. Nilipomwuliza baadaye amewezaje, akasema alinipa siku nne za kuishi.

Basi nikaketi karibu na mwalimu, mfiwa. Akaniuliza kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani. Ee Mola, ni swali gani hilo la kumwuliza mtu wa aina yangu! Nikamwambia marehemu alikuwa mfanyabiashara wa nguo za nje. Alikuwa na usafiri. Alishughulika na korosho. Alipenda kila kazi ya mikono, hata ya kike hakuidharau. Nilisema vizuri mpaka nikaanza kumlilia. Mtu mkubwa tumempoteza. Mwanawetu aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika, na mwalimu akamwambia lia mama, lia.

Hapo akaingia Saadi.

Alikuwa amepata habari stendi. Hakubisha hodi. Akaelekeza kidole puani mwangu, akapiga kelele kwamba mwalimu anadanganywa, Badru hajafa, Badru ndiye huyu hapa, mzima, mwongo, ametoka kisimani sasa hivi! Nikaiona nafasi ya Muzdalifa inatoka mlangoni na kwenda kwa Tabu. Muzdalifa akaziba uso.

Mwalimu Zefania akamtazama Saadi. Akaniuliza polepole, huyu bwana ni nani kwenu? Nikajibu ukweli mtupu, bila kufikiri: ni mtani wetu, Mmatumbi.

Mwalimu akaangua kicheko. Akasema kumbe! Kwao Singida nao wana watani, na msibani ndio ada yao hiyo hiyo: mtani atasema maiti kajificha anakwepa deni, atalala mahali pake, atamwigiza sauti, na huwezi kumkasirikia. Lakini wa pwani, akasema, wamezidi! Saadi akaapa kwa Mungu. Mwalimu akacheka zaidi. Saadi akanishika tumbo, akauliza maiti gani ana kitambi hiki. Mwalimu akafuta machozi kwa leso, akamwekea shilingi mia mkononi kama ada inavyotaka mtani atulizwe. Saadi akaitupa. Mwalimu akasema hata kutupa anajua, na akaongeza nyingine.

Kisha wakaja watani wengine, Wamatumbi wa stendi, waliposikia Saadi kaanza bila wao. Wakaja na machela. Wakanilaza juu yake, wakanizungusha nyumba, wakiimba kwamba Badru kafa kwa uvivu. Binti Kudra akatoka akalia kwa sauti kubwa kwamba marehemu alimwachia deni la kuku mwingine. Uongo! Nililipa. Saadi alikaa kwenye kinu, kichwa mikononi, analia kwa hasira, na kila mtu akamsifu kwamba mtani wa kweli ndiye huyo.

Nilipokuwa juu ya machela nilimwona Muzdalifa. Alikuwa anacheka. Sikumwona akicheka wiki nzima.

Jumapili, 16 Januari

Ameondoka. Tumempeleka stendi na sanduku la bati na mkeka mpya aliosukiwa na mama yake. Mwalimu Zefania alikuwapo kuwaaga wasichana wote wawili, kwa hiyo nilikuwa baba mdogo. Watu wote wa stendi walikuwa wanajua, na wote walinipa pole. Wengine mara mbili.

Nilipanda naye mpaka Ndundu. Mvua za juu zimeujaza mto, pantoni ilikuwa upande wa pili tukaingoja. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mstari ule nilitaka ujae kwa ajili yake. Nikamwambia achunge viatu. Kondakta alipoita, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kusikika na watu, shikamoo baba mdogo. Kisha akanisogelea sikioni akasema, kwaheri baba.

Nililia waziwazi mbele ya wapiga makasia na wauza samaki. Mama mmoja akaniuliza kwani huyu anakwenda vitani? Nikamjibu anakwenda kujenga daraja. Akautazama mto, akanitazama mimi, akanipa ndizi.

Jumatano, 19 Januari

Matatizo mapya, mimi sina kosa lolote.

Mwalimu Zefania amepanga chumba nyumba inayotazamana na yetu. Asubuhi, akipiga mswaki, anaona mlango wetu mzima. Mwanawetu kwa hiyo yumo edani. Miezi minne na siku kumi, kwa sheria. Na shemeji, kasema, halali nyumba moja na mjane. Kaniwekea mkeka na mto nje ya mlango kwa adabu zote. Nalala kwenye ghala la makoti yangu ya theluji. Hayo makoti yamepata kazi hatimaye, ni godoro zuri.

Lakini nimemtazama Mwanawetu kwa makini tangu Jumamosi. Kakaa. Analetewa wali, analetewa samaki, wanawake wanamfulia na kumpalilia shamba. Hakuna anayemwuliza lolote. Ebo! Mjane! Kazi ya sita! Ningezaliwa mwanamke, hii ndiyo ningeanza nayo tangu usichana. Nimempelekea ushauri kupitia dirishani, jinsi ya kuugua kidogo ili waongeze nazi. Kafunga dirisha.

Saadi naye anatangaza stendi kwamba eda ikiisha atapeleka posa kwa mjane wa Badru, tuone kama maiti atafufuka. Ni kisasi tu. Lakini ana kibanda cha bati, na biskuti.

Sikubali. Nimehesabu siku, eda inakwisha mwishoni mwa Mei, na siku hiyo hiyo naandika barua ya posa mimi mwenyewe. Najua nilipomposa zamani alinikataa mara mbili. Ila safari hii mambo ni mepesi kabisa. Marehemu mume wake alikuwa hafai kitu, na mtu yeyote atakayekuja baada yake ataonekana malaika.